Shusha Pumzi Kwanza

Leo twataka kuongea nanyi juu ya hasira. Hatuongei juu ya ghadhabu ya Mungu, maana hilo ni somo kubwa nalo lina siku yake. Twaongea juu ya hasira hii yetu ya kila siku: ya baba aliyefika nyumbani akakuta chakula hakijaiva, ya mama ambaye mtoto wake amepoteza fedha za unga, ya mzee wa kanisa aliyeamka asubuhi akaona mpaka wa shamba lake umesogezwa hatua mbili. Kila mmoja wetu aijua. Swali letu ni hili: ikiisha kupanda, tuifanyeje?

Katika kazi yetu ya uchungaji twakutana na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaoimeza. Wengi wao ni Wakristo wazuri, wa kuja kanisani kila Jumapili. Ukimwuliza mmoja wao, "Mama, mbona twasikia kuna neno kati yako na wifi yako?" atakujibu kwa upole, "Aa, mchungaji, mimi sina neno. Nimemwachia Mungu." Lakini huu ni mwaka wa nne hawajasalimiana. Mmoja hukaa upande wa dirishani, mwingine upande wa mlangoni, na siku ya Ushirika Mtakatifu kila mmoja huangalia kwanza mwenzake amepiga magoti wapi, wasije wakafuatana kwenye kikombe kimoja. Huko siko kumwachia Mungu. Huko ni kuweka akiba.

Wa pili ni wale wanaoimwaga. Huyu hujisifu, "Mimi sina kinyongo. Nikikasirika nasema yote, na nikiisha kusema yamekwisha." Ni kweli, kwake yeye yamekwisha. Lakini mkewe atayakumbuka maneno yale miaka kumi, na mtoto aliyeitwa mjinga mbele ya wageni atakwenda nayo shuleni, na huenda akaingia nayo katika ndoa yake mwenyewe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nao walijua kwamba kidole hupona kwa juma moja.

Tuanze na hao wanaomeza. Wengi wao wamefundishwa, au wamejifundisha, kwamba Mkristo wa kweli hakasiriki. Basi wakiona hasira moyoni huona haya, huifunika upesi, huibandika jina jingine. Lakini hebu tufungue Injili ya Marko, sura ya tatu. Bwana Yesu yumo katika sinagogi, na mbele yake yuko mtu ambaye mkono wake umepooza. Pembeni wameketi watu wanaomvizia, waone kama atamponya siku ya sabato wapate kumshitaki. Mwinjili atuambia kwamba Bwana aliwatazama pande zote kwa hasira, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Marko hakuona haya kuliandika neno hilo. Na twaomba mtazame kilichofuata. Hakumpiga mtu, wala hakuondoka kwa kishindo. Alimgeukia yule mgonjwa, na mkono ukapona.

Mtume Paulo naye, akiwaandikia Waefeso katika sura ya nne, mstari wa ishirini na sita, hawakatazi kukasirika. Awakataza kutenda dhambi wakiwa na hasira, na awapa mpaka wa siku: machweo ya jua. Na hapa mtuvumilie kidogo, maana walimu wetu wa chuo cha theolojia wangetulaumu tukilipita jambo hili. Maneno yale Paulo ameyatoa katika Zaburi ya nne, mstari wa nne. Lakini ukiifungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union Version, ukaweka kidole kimoja kwenye Waefeso na kingine kwenye Zaburi, utaona kwamba kule imeandikwa hasira na huku imeandikwa hofu. Mpiga chapa hakukosea. Neno la Kiebrania lililo katika Zaburi maana yake ni kutetemeka, kutikisika, iwe kwa hofu, iwe kwa hasira, iwe kwa huzuni. Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kiyunani kabla ya kuzaliwa kwa Bwana walichagua neno la hasira, naye Paulo akafuata Kiyunani hicho. Basi mwenye Zaburi anamsemesha mtu anayetetemeka. Amwambia asitende dhambi, kisha ampeleka kitandani pake akawaze na kunyamaza. Angalieni vizuri: ampeleka kitandani pake, hampeleki kwa jirani kwenda kusimulia.

Kutetemeka ni neno la kweli kabisa, hata madaktari watakubali. Mtu akikasirika, tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga ndani ya damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, ini hutoa sukari, misuli hukaza. Mwili umejiweka tayari kupigana au kukimbia, kana kwamba chui yuko mlangoni. Na chui mwenyewe ni kikombe kilichovunjika! Katika hali hiyo mtu hasikii vizuri anayoambiwa wala hawezi kupima anayosema. Tena hali hiyo haikomi mara moja. Hata kama jambo lenyewe limekwisha, mara nyingi mwili wahitaji dakika ishirini au zaidi kabla haujarudi mahali pake. Ndiyo maana Kiswahili chasema hasira zimempanda, kisha baada ya muda chasema zimeshuka. Wazee wetu walikuwa wameona kwamba kushuka ni mwendo, nao una muda wake.

Huko Seattle, Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye John Gottman alichunguza kwa miaka mingi jinsi waume na wake wanavyogombana. Aliwafunga vyombo vya kupima mapigo ya moyo, akawaacha waongee juu ya jambo wanalobishania. Mara nyingine aliwasimamisha katikati, akisingizia kwamba vyombo vinahitaji kurekebishwa, akawaomba wasome magazeti kwa muda wala wasisemezane juu ya jambo lile. Baada ya kama nusu saa waliambiwa waendelee. Mioyo ilikuwa imetulia, nao wakaliongea jambo lile lile kwa upole zaidi. Hakuna aliyewahubiria, wala hakuna aliyewapa dawa. Walisoma magazeti tu.

Sasa yule anayemwaga atatuuliza, "Lakini si ni vizuri itoke? Ikikaa ndani si itanipasua?" Wazo hili limeenea sana. Watu huona hasira kuwa kama mvuke katika sufuria iliyofunikwa, kwamba usipoutoa, kifuniko kitaruka. Katika miji fulani ng'ambo viko hata vyumba vya kulipia ambamo mtu hupewa rungu avunje sahani na viti mpaka atosheke. Je, yafaa? Jambo hili limepimwa. Mwaka wa 2002 mtaalamu Brad Bushman alitoa habari za uchunguzi alioufanya kwa wanafunzi mia sita wa chuo kikuu huko Marekani. Kila mmoja aliandika maoni yake, kisha akarudishiwa karatasi yenye maneno ya kudharau sana, akakasirika. Baadhi yao waliambiwa wapige mfuko wa ngumi huku wakimwaza yule aliyewadharau. Wengine waliupiga huku wakiwaza kuijenga miili yao. Wengine waliketi tu kimya dakika chache. Wale waliopiga huku wakimwaza adui yao ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote, nao ndio waliokuwa wakali zaidi baadaye walipopewa nafasi ya kulipiza. Waliofanya vizuri kuliko wote katika ukali ni wale walioketi bila kufanya neno.

Mwaka wa 2024 huyo Bushman na mwenzake Sophie Kjærvik walikusanya pamoja matokeo ya chunguzi 154, zenye watu zaidi ya elfu kumi. Waliona kwamba yale yanayoutuliza mwili, kama kuvuta pumzi polepole na kulegeza misuli, hupunguza hasira. Yale yanayouchochea mwili kwa jumla hayakuipunguza, na kukimbia mbio kulielekea kuiongeza. Basi mfano wa mvuke umetudanganya. Mwanamke yeyote aliyewahi kuwasha jiko la makaa aujua mfano ulio bora: ukipepea, yawaka.

Wako wanaotuambia, "Mimi nikikasirika hwenda kupasua kuni." Vema, kuni zahitajiwa. Lakini jichunguze, ni nani aliyelala chini ya shoka lako katika mawazo yako? Ikiwa wawaza kuni, utarudi umetulia. Ikiwa wamwaza ndugu yako, afadhali ungeliacha shoka ghalani.

Hapa Maandiko yana jambo la ajabu ambalo tulipofundishwa darasani mara ya kwanza lilituchekesha. Katika Kiebrania neno la hasira ni lile lile la pua. Na katika Kutoka, sura ya thelathini na nne, Mungu anapopita mbele ya Musa na kutangazwa kuwa si mwepesi wa hasira, Kiebrania neno kwa neno chasema ni mrefu wa pua! Waebrania walikuwa wamemtazama mtu mwenye hasira usoni. Waliona pumzi yake ni fupi, ya moto, yatoka kwa nguvu puani kama ya fahali. Mwenye subira pumzi yake ni ndefu. Nasi Waswahili, bila kumwuliza Mwebrania, twasema "kushusha pumzi."

Basi anza hapo. Zimekupanda? Keti, maana ni vigumu kumpiga mtu ukiwa umeketi. Legeza mabega na vidole. Vuta pumzi polepole kwa pua, kisha uishushe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara kumi. Wako ndugu ambao wakisikia habari za kuvuta pumzi huogopa kwamba ni dini ya kigeni. Ndugu, pumzi hiyo Mungu ndiye aliyeitia puani mwa Adamu. Hukuikopa kwa mtu.

Kisha toka, uende mahali. Nenda zizini ukaangalie ng'ombe, nenda ukachote maji. Ikiwa wakaa mjini katika chumba kimoja, simama nje ya mlango. Lakini usiende na simu. Siku hizi hasira nyingi zapanda kwenye simu na zamwagwa kwenye simu. Mtu asoma neno moja katika kundi la ukoo, kundi la kupanga harusi au matanga, na kabla hajamaliza kusoma vidole vyake vimekwisha kujibu, na watu themanini wamesoma, mpaka shangazi aliye Mombasa. Kidole kinachotetemeka kisiandike. Ngoja.

Na kabla hujatoka, sema neno moja. Hili wanaume wengi hulisahau. Ukiondoka kimya na kubamiza mlango, mwenzako hajui kama umekwenda kutulia au umekwenda kwa mama yako. Mwambie, "Mama Fulani, nimekasirika. Natoka kidogo. Tutaliongea baada ya chakula." Halafu, baada ya chakula, uliongee kweli. Usiporudi kuliongea, umenuna tu, na kununa ni kumeza kwa jina jingine.

Tumefika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Mwili umetulia, sasa kuna kazi. Katika Biblia kuna watu wawili ambao Mungu mwenyewe aliwauliza swali juu ya hasira yao. Wa kwanza ni Kaini, Mwanzo sura ya nne. Sadaka yake haikukubaliwa, akaghadhibika sana, uso ukambadilika. Mungu akamjia kabla hajatenda lo lote, akamwuliza sababu ya hasira ile. Tusidhani Mungu hakuijua. Aliuliza ili Kaini aitamke. Tafuteni katika sura ile jibu la Kaini. Hamtaliona. Kaini hakujibu. Alisema na Habili ndugu yake, wakaenda uwandani, na mnajua yaliyotokea huko.

Wa pili ni Yona, katika sura ya nne ya kitabu chake. Mji wa Ninawi umetubu, Mungu ameusamehe, na mhubiri aliyewahubiria amekasirika kwa sababu mahubiri yake yamefaulu! Mungu amwuliza kama afanya vema kukasirika. Mara ya kwanza Yona hajibu. Atoka mjini, aketi kivulini. Mti wamea, mti wakauka, jua lampiga kichwani, Mungu auliza tena. Safari hii Yona ajibu. Na jibu lake si zuri hata kidogo. Asema ndiyo, afanya vema kukasirika, tena hata kufa. Mzee wa kanisa akisema hivyo katika mkutano wa maombi tutamwomba aketi. Lakini Mungu hakumpiga. Alimjibu, akaendelea kumjadili kwa upole, akimwonyesha watu wa Ninawi na wanyama wao, na kitabu chaishia hapo, wangali wanaongea. Aliyejibu alibaki katika mazungumzo na Mungu. Yule ambaye hakujibu aliingia shambani na ndugu yake.

Kwa hiyo unapokuwa pale zizini, au nje ya mlango, chukua swali lile liwe lako: Kwa nini nimekasirika? Lijibu kwa sauti, mbele za Mungu, kwa lugha ya mama yako kama ndiyo ikufaayo. Usitafute maneno ya kanisani. Walioandika Zaburi hawakuyatafuta. Soma ya 109, usome na ya 137, uone maneno makali yaliyosemwa mbele za Mungu, ambayo yangalisemwa kwa jirani yangalizaa vita.

Mara nyingi ukijibu kweli utashangaa. Tuchukue mfano wa baba mmoja afanyaye kazi ya kiwanda. Asubuhi msimamizi, kijana aliye sawa na mwanawe, amemfokea mbele ya wenzake. Hakuweza kujibu, kwa sababu ya karo za watoto. Jioni matatu imempitisha kituo chake, akarudi kwa miguu. Aingia nyumbani, ugali umepoa, naye apaza sauti, na mtoto akimtazama vibaya apigwa kofi. Mwulize baba huyu kwa nini amekasirika. Atasema ni ugali. Mwache ashushe pumzi, umwulize tena. Atanyamaza. Mwulize mara ya tatu. Huenda macho yake yakajaa machozi, kwa maana lile jambo si ugali, wala mtoto si msimamizi. Na mke angelijua hilo angelikuwa upande wake. Hasira nyingi zinazopiga watoto wetu zilizaliwa mahali ambapo mtoto hakuwapo.

Lakini ikiwa umejijibu, na jibu lenyewe ni kwamba kweli mtu huyu amekukosea, basi umwendee. Bwana Yesu ametuambia katika Mathayo sura ya kumi na nane twende kwa ndugu huyo sisi na yeye peke yetu kwanza. Nenda na jambo moja, la juzi au la leo. Usimbebee gunia zima. Mwambie alichofanya na jinsi kilivyokuumiza: "Uliposema vile mbele ya wakwe zangu, niliaibika." Usimwambie, "Wewe siku zote ndivyo ulivyo, na mama yako ndivyo alivyo." Jambo moja laweza kujibiwa, ukoo mzima hauwezi kujibiwa. Kisha mpe nafasi aseme, na umsikilize kwa kadiri ile ile uliyotaka kusikilizwa.

Twajua yupo anayetusikiliza sasa na moyo wake wauma zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayepigwa. Dada, au hata kaka, mazungumzo haya hatukuyaandaa ili uambiwe uvute pumzi na kurudi kupigwa. Hasira yako yasema kweli: jambo hilo ni baya. Tafuta usalama kwanza. Katika Kenya iko sheria ya mwaka wa 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani, na ziko nambari za simu zisizolipiwa, 1195 kwa walioumizwa nyumbani, na 116 kwa mambo ya watoto. Na mchungaji ye yote anayemrudisha mtu kwenye fimbo kwa kumtajia msamaha, ametumia msamaha vibaya.

Wako na wale ambao hasira yetu kwao ni mali. Watu wa pwani wana methali, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mkizi akikasirishwa hujirusha kutoka majini, na mvuvi acheka akimwokota ndani ya mashua. Wakenya tuliokuwapo mwishoni mwa mwaka wa 2007 na mwanzo wa 2008 hatuhitaji kufafanuliwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133. Walikufa majirani mikononi mwa majirani, waliokuwa wamekopeshana chumvi na kuzikiana wafu. Malalamiko mengine yalikuwa ya kweli, ya ardhi na ya kura, nayo yalikuwa yamemezwa miaka mingi bila kuongewa mezani. Kisha wakaja wenye kupepea. Kila uchaguzi ukikaribia twaona wavuvi wakitandaza nyavu zao tena, na wengine twawapa kipaza sauti kanisani.

Huenda mtu atauliza, "Mchungaji, yangu haishuki. Nimevuta pumzi, nimeomba, jua limekuchwa mara nyingi." Kwa huyo tungependa kumkumbuka Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala chini ya utawala wa Idi Amin, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kivengere aliambiwa kwamba yeye naye anatafutwa. Yeye na mkewe Mera walitoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka wakavuka Rwanda. Alikuwa amepoteza rafiki, nchi na kundi lake, kwa kosa lisilo lake.

Kivengere alikuwa mtu wa Uamsho, wale ndugu walioanzia Gahini katika Rwanda na kufika kwetu Kenya mwaka wa 1937, waliofundishana kutembea nuruni, yaani kutoficha lililo moyoni. Naye hakuficha. Alisimulia waziwazi kwamba uchungu juu ya Amin ulikuwa unamkausha, unamwibia furaha na maombi. Hali hiyo iliendelea kwa majuma. Halafu siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa ameketi katika kanisa la All Souls, London, likisomwa neno la Bwana msalabani akiwaombea msamaha waliomsulibisha. Kivengere akaona moyoni mwake kwamba lau Amin angalikuwa miongoni mwa askari wale wenye misumari, Bwana asingalimtenga katika maombi yale. Hapo ndipo uchungu ulipoanza kumtoka. Mwaka huo huo alitoa kitabu, akakiita kwa Kiingereza jina ambalo maana yake ni "Nampenda Idi Amin." Watu wengi walichukizwa na jina hilo, na twawaelewa.

Tangu mauaji yale mpaka Ijumaa Kuu yalipita kama majuma saba. Hesabuni machweo hayo. Wala baada ya kusamehe hakuanza kusema kwamba Amin ametenda vema. Aliendelea kuyataja maovu ya utawala ule mbele ya mataifa na kuwatafutia msaada wakimbizi. Kwa hiyo sisi twaelewa mpaka wa jua wa Mtume Paulo hivi: si kwamba jioni ni lazima moyo uwe mweupe kabisa, bali jua lisituone tumekataa kulijibu swali. Jibu la leo laweza kuwa, "Bwana, bado namchukia, nawe wajua kwa nini." Kesho utaulizwa tena.

Muda wetu umekwisha, ndugu wapendwa. Kabla hatujawaaga tutanyamaza kwa dakika moja, nanyi msidhani kwamba redio imeharibika. Mkumbuke yule mtu. Shusha pumzi. Mtaje kwa jina lake mbele za Mungu, useme ni kwa nini.